Spinaka, Watu Wawili na Mikono Mitatu

Wiki iliyopita mlinipigia simu vijana watatu wa banda la boti, mmoja baada ya mwingine kama mliopangiana zamu, mkiniuliza jambo lilelile: Mama Saumu, tukiwa wawili tu kwenye boti, spinaka tunaipandishaje bila kuadhirika? Wa kwanza nilianza kumjibu, simu ikakata. Wa pili alikuwa barabarani, sikusikia kitu zaidi ya honi. Wa tatu nikamwambia, mwanangu, ngoja, nitaandika. Hapa Lukozi milimani sasa sina kazi zaidi ya kupalilia karoti na kugombana na kuku wa kaka yangu, kwa hiyo nafasi ninayo. Vyeo sitaviandika, maana havikuwa vingi. Nitaandika kazi, na nitamwandika Kapteni Kombo, kwa sababu swali lenu siwezi kulijibu bila yeye.

Nilishuka Tanga nikiwa msichana mwenye cherehani moja na ujuzi wa kushona sare za shule. Klabu ya mashua ilikuwa inatafuta fundi wa matanga. Bahari nilikuwa nimeiona mara moja tu, tena kwa mbali, na kuogelea sikujua. Siku ya kwanza wakanitandazia tanga moja sakafuni ili nitafute lilipochanika. Nikavua viatu, nikalikanyaga kwa adabu kama mkeka wa msikitini, nikaanza kulikagua kona hadi kona. Tundu sikuliona. Nilikuwa nimesimama juu yake.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Kapteni Kombo. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kuendesha boti pale, mtu wa Tanga mjini, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti iliyozoea kushindana na upepo hata akiagiza chai. Kwa wiki mbili alipita mezani kwangu kila asubuhi akinitazama nikishona, kisha anakwenda zake. Siku moja akasimama.

"Mshambaa," akasema, "wewe unashona nguo, mvaaji hujawahi kumwona. Panda botini."

"Kapteni, mimi sijui kuogelea."

"Nani kakwambia ushuke?"

Alinifunga jaketi la kuokolea kwa mikono yake, akavuta kila mkanda mara mbili. Nilitapika hadi nikamuomba Mungu msamaha wa dhambi ambazo sikuzitenda. Lakini siku ile nikaona mshono wangu ukivutwa na upepo, nikaona wapi nyuzi zinalia na wapi zimelala, na niliporudi mezani nilianza kushona kwa namna nyingine kabisa. Ndivyo nilivyokuwa baharia wake bila kuomba kazi. Mtu akikosekana, utasikia, "Saumu, acha cherehani, njoo."

Spinaka tuliletewa na mgeni mmoja aliyehama nchi akaiacha. Kabla yake tulikuwa na matanga mazito, yenye akili timamu. Hili lilikuwa jepesi kama mtandio, rangi ya chungwa, kubwa kuliko boti yenyewe. Pembe yake ya mbele inafungwa kwenye ncha ya boti, kichwa kinapandishwa mlingotini kwa kamba tunayoiita henza, na pembe ya nyuma inavutwa kwa kamba mbili za demani, moja kila upande. Halina boriti ya kulishikilia. Upepo ukitoka nyuma au ubavuni, linavimba mbele ya boti, na boti ambayo ilikuwa inajikokota inaanza kukimbia. Mara ya kwanza nilipoliona limejaa nilisahau hata kutapika. Nasema kweli, katika maisha yangu sijaona kitu cha kushonwa kilicho kizuri kama kile.

Kuhusu kulishona, mambo mawili, halafu niendelee. Sindano iwe nyembamba kuliko mnavyodhani, na mshono uende zigizaga, msiunyooshe kama suruali ya ofisi. Na tundu dogo libandikwe utepe siku hiyohiyo, hata kama mna njaa. Mmoja wenu anajijua.

Kulipandisha ndiko kazi ilipo. Likijaa upepo kabla kichwa hakijafika juu, hulivuti tena, linakuvuta wewe. Tulikuwa tunakwenda watu wanne: mmoja usukani, mmoja henza, mmoja demani, mmoja mbele akililisha, yaani akilitoa kidogo kidogo kwenye mfuko wake. Kombo alikuwa anajua kulipandisha kwa watu wawili tu. Alikuwa anashika usukani kwa magoti, henza mkono wa kulia, demani mkono wa kushoto, mimi nimekaa mbele nalilisha, na kwa mdomo anaimba. Nilimtazama mara mia na bado sikujua mikono ile aliigawaje.

Halafu winchi ya kuvutia boti nchi kavu ikamchukua vidole vinne vya mkono wa kushoto. Ilikuwa ni dakika moja, kamba ilijikunja, akaingiza mkono kuinyoosha winchi ikiwa inazunguka, kitu ambacho alitukataza sisi wote. Kikabaki kidole gumba. Hospitali walimshona vizuri, mimi kama fundi nilikagua na kuridhika, akacheka kidogo. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka kwa miezi kadhaa.

Wakati huo klabu ilikuwa na meneja mpya. Msimfikirie vibaya, alikuwa mtu wa haki, ila alipenda mambo yaandikwe. Watu walikuwa wamepungua, boti ya mafunzo ilikuwa inatoka na wafanyakazi wawili tu, nahodha na baharia. Akamwita Kombo, nami nikaitwa nisikie.

"Mzee Kombo, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini nikikupa boti yenye wanafunzi, lazima nijue unaweza. Chagua baharia mmoja. Mtoke, mpandishe spinaka, mzunguke boya, mlishushe, mrudi. Boti ya uokoaji ikiwagusa, basi. Nitakupa kazi ya kukaa getini na daftari la wageni. Hutakosa kazi."

Kombo akajibu, "Nimekuelewa," akatoka. Nilimkuta nyuma ya banda amekaa juu ya nanga.

"Nikikaa lile geti nitakufa, Saumu," akaniambia. Hakuwa mtu wa kutia chumvi. "Meneja kanipa mwezi mmoja. Lakini nifanyie mazoezi wapi? Hapa gati lote litakuja kutazama kilema akijaribu kuruka kamba."

Nikamwambia, twende kwetu.

Ndiyo maana nawaambia kwamba hatua kubwa za spinaka ya watu wawili zilifanyika Lukozi, mahali ambapo maji mengi zaidi ni ya mfereji wa kumwagilia. Tulibeba spinaka nyingine ya akiba, kuukuu, niliyokuwa nimeiziba viraka hadi haikujua rangi yake. Kaka yangu Shabani alimpokea Kombo, akampa chumba na makoti mawili, maana mtu wa pwani alikuwa anatetemeka kama injini ya pikipiki. Shambani kwake, ukingoni, viazi vilikuwa vimeshavunwa. Tukasimika mti wa mkaratusi kuwa mlingoti, tukafunga kapi la kupitishia kamba juu, tukapigilia kigingi kuwa ncha ya boti. Mchana upepo wa bondeni hupanda pale bila kukosa. Kombo akakaa juu ya gunia la mbolea, fimbo mkononi kuwa usukani.

Jamani, tuliaibika! Nikivuta henza, tanga linajaa nusu ya njia, linaniburuta kwenye maharage ya Shabani. Kombo anavuta demani kwa mkono mmoja, anajaribu kuikaba kwa kidole gumba, inamponyoka. Siku ya tatu majirani walikuwa wamejaa ukingoni. Bibi mmoja akauliza harusi ni lini, maana turubai ameliona lakini sufuria hajaziona. Shabani alikuwa mvumilivu, ila alihesabu mashina ya maharage kwa sauti.

Aliyetuokoa ni mama yangu, Mungu amrehemu. Alikuja na chai, akasimama akatazama, akaniuliza kwa Kishambaa: "Mbona mnainua mzigo haujafungwa?"

Nikamweleza kwamba tanga lazima lifunguke likifika juu, likifungwa litafungukaje? Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikiwa darasa la kwanza. Akaenda jikoni, akashusha darini juu ya mafiga kicha cha nyuzi za ganda kavu la mgomba, zile tunazofungia mafungu ya karoti. Akachana uzi mwembamba, akaufunga kidoleni, akauvuta. Pu! Ukakatika.

Kombo akainuka kwenye gunia. "Mama," akasema, "rudia."

Jioni ile tulilala chini uwanjani, sisi watatu, tukalikunja tanga kwa urefu likawa kama soseji ndefu, tukalifunga kwa nyuzi kavu kila baada ya hatua moja, mwembamba chini, mnene kidogo juu. Kesho yake nikavuta henza polepole, bila haraka, bila kuburutwa. Soseji ikapanda hadi juu, imetulia. Kombo akavuta demani kwa mkono wake mmoja. Nyuzi zikakatika kutoka chini kwenda juu, pu, pu, pu, pu, na tanga likafunguka lote juu ya matuta ya viazi ya Lukozi. Majirani wakapiga vigelegele. Kombo akamshika mama kwa mikono yake yote miwili, ule mzima na ule wa kidole gumba, akamwambia hongea, yaani asante, neno pekee la Kishambaa alilokuwa amelijua. Alikuwa analia na hakujificha.

Tukafanya hivyo kila siku hadi mwezi ukaisha. Tukarudi Tanga na kicha cha nyuzi kwenye mkoba wangu.

Sasa kosa langu. Nimelificha miaka mingi, leo nalitoa. Asubuhi ya mtihani nilibaki peke yangu bandani kulifunga tanga. Nyuzi zilikuwa zimekaa Tanga siku kadhaa kwenye mkoba, zimebanwa, kila ninaoushika unavunjika mkononi kabla sijapiga fundo. Muda unakwenda. Ndoo ya maji ilikuwa pembeni. Mtoto yeyote wa Lukozi anajua, ganda la mgomba likikataa kufunga unalilowesha, linalainika, linashika, na lori likirukaruka hadi mjini fungu la karoti halifunguki. Mikono yangu iliijua kazi hiyo kabla sijaanza shule. Ikazichovya nyuzi kwenye ndoo bila kuniuliza. Nikafunga vizuri sana. Nikajisifu.

Tukatoka. Upepo ulikuwa wa kutosha, wa nyuma, hauna vurugu. Meneja alikuwa kwenye boti ya uokoaji kando yetu, na gatini walikuwepo watu wote wa klabu na wengine ambao sijui waliitwa na nani. Nikavuta henza. Soseji ikapanda kama kule Lukozi. Kombo, usukani kati ya mapaja, akavuta demani.

Pu, pu. Halafu kimya.

Tanga likafunguka chini na juu, likajaa upepo, lakini katikati limekabwa, limekuwa kama kibuyu. Kibuyu kile kikaanza kuyumba, kikaivuta boti upande, maji yakaingia. Nilitazama nyuzi za katikati zikimeta kwa maji, nikajua.

"Saumu, ulizilowesha?"

"Nimezilowesha, Kapteni."

Nilitegemea anitukane. Mimi ningekuwa yeye, ningetukana. Nilikuwa nimechukua maisha yake nikayafunga fundo la karoti. Boti ya uokoaji ikasogea, meneja akasimama akainua mkono kuuliza kama aje. Kombo akapiga kelele, "Bado!" Halafu akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza sukari, "Njoo ushike usukani."

"Mimi?"

"Kamba zote, hata henza, zinafika huku nyuma. Huku kunahitaji mikono miwili. Mimi ninao mmoja. Njoo, bwana!"

Tukapishana. Akaniambia nigeuze boti hadi upepo uwe nyuma kabisa, ili spinaka ijifiche kwenye kivuli cha tanga kuu. Nikaweka usukani katikati ya magoti, kama nilivyomwona akifanya, nikaiachia henza kidogo kidogo. Tanga likaporomoka. Kombo alikuwa amelala kifudifudi kule mbele, akalipokea kwa kifua, akalikumbatia kwa mikono yake yote, na nyuzi za mama yangu akazikata kwa meno. Moja baada ya nyingine, anatema, anauma nyingine. Kutoka gatini hakuna aliyeelewa anafanya nini. Nahisi walidhani amechanganyikiwa.

"Pandisha!" akapiga kelele.

"Halijafungwa, Kapteni! Litajaa!"

"Nimelifunga mimi! Pandisha!"

Nikaelewa. Alikuwa amelikumbatia tanga lote, na kila nilipovuta henza alilegeza kifua kidogo, likatoka kiasi cha mkono mmoja, akakaza tena. Yeye ndiye alikuwa uzi. Nilivuta kwa mikono miwili, magoti yakishika usukani, na kichwa cha tanga kikafika juu bila kushika hata pumzi ya upepo. Akalegeza. Nikavuta demani. Lo! Lilifunguka kwa kishindo kimoja, chungwa tupu, boti ikaruka mbele na mimi nikapiga kelele kama mwehu.

Kwenye boya, nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnapokosea. Msigeuze kwa haraka. Nilisukuma usukani polepole, nikaiachia demani ya zamani kabla sijaivuta mpya, naye Kombo kule mbele akaivuta pembe ya nyuma kwa mkono wake mzima ikapita mbele ya waya unaoushikilia mlingoti kwa mbele. Kulishusha, tulirudi kivulini mwa tanga kuu, nikafungua kwanza pembe ya mbele, likapepea bila nguvu, yeye akalikusanya chini ya boriti ya tanga kuu akalikalia. Henza iwe imetandazwa mapema isifunge fundo. Ndiyo hivyo tu. Mwenye mikono miwili akae nyuma kwenye kamba, mwenye kifua na moyo akae mbele. Hili halikuwa kwenye mpango wetu wa Lukozi, lilitoka kichwani mwa Kombo boti ikiwa inalalia ubavu na kazi yake ikielekea getini, na mpaka leo sijaona akili iliyofanya kazi upesi namna ile.

Tulipofika gatini hakuna aliyekuwa ametugusa. Meneja akaja na karatasi yake. Alikuwa ameloa na anatabasamu, lakini karatasi ni karatasi.

"Mmemaliza yote," akasema. "Ninachotakiwa kuandika ni nahodha nani. Anayeshika usukani ndiye nahodha."

Nikawahi. "Ni Kapteni Kombo. Mimi nilimshikia tu kidogo, na kosa lenyewe la kukwama lilikuwa la..."

"Nahodha ni huyu," Kombo akanikatiza, akinielekezea kidole gumba chake. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni kwa zile nyuzi. "Mwandike. Saumu, fundi wa matanga, wa Lukozi. Na baharia wake mwandike Kombo."

Meneja akamtazama. "Mzee, una hakika? Nikishaandika, boti ni yake."

"Geti ndilo siliwezi," akasema Kombo. "Mbele ya boti naweza."

Meneja akaandika. Nilibaki nimeshika ukingo wa gati nikilia, na watu wakidhani nalia kwa furaha ya kupata cheo. Nyuzi zilizoloweshwa hakumwambia mtu yeyote, wala mimi hakunikumbusha hata mara moja, hata tulipogombana, na tuligombana sana.

Tulifanya kazi hivyo mpaka magoti yake yalipokataa, na wengi wa waliowafundisha ninyi walifundishwa na sisi wawili. Yeye alikuwa na umri wa baba yangu na alinifundisha kila ninachokijua juu ya maji. Kila asubuhi nilikuwa nafika gatini, namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba kwa sauti ile kubwa. Kisha anapita kando yangu kwa uangalifu, anakwenda kukaa mbele ya boti, anageuka na kusubiri nimpe amri.